Jemadari na Mpango Uliovunjika: Slim, Kimura na Mto Irrawaddy, 1944–1945

Katikati ya Desemba 1944, Luteni Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14 la Uingereza katika Burma (Myanmar ya leo), alitambua kwamba adui aliyejiandaa kupigana naye hakuwepo pale alipomtarajia. Kwa miezi kadhaa yeye na maofisa wake walikuwa wamepanga vita vikubwa katika uwanda wa Shwebo, ardhi kavu na wazi iliyo kati ya mito ya Chindwin na Irrawaddy, ambako vifaru na ndege vingeweza kuwaponda Wajapani huku mto mpana ukiwa mgongoni mwao. Mpango wote ulisimama juu ya dhana moja, kwamba jenerali wa Kijapani hawezi kuachia ardhi bila kuipigania. Dhana hiyo haikuwa ya kubahatisha, kwani Wajapani walikuwa wamefanya hivyo tangu vita vya Burma vianze. Safari hii hawakufanya hivyo, na jeshi zima lilikuwa tayari limeshaanza kusonga mbele kuelekea mahali ambapo vita havingekuwepo.

Mabishano juu ya majemadari wakubwa wa historia kwa kawaida huishia kwenye hesabu: huyu alishinda mapigano mangapi, yule aliteka nchi ngapi, ni nani hakuwahi kushindwa. Hesabu ya namna hiyo huficha mambo mengi, kwa sababu haisemi jeshi lilirithiwa katika hali gani, adui alikuwa dhaifu kiasi gani, wala bahati ilichangia nini. Kamanda ambaye kila alichokipanga kilitokea kama alivyokipanga hajatuonyesha mengi kuhusu uwezo wake. Huenda ametuonyesha tu kwamba adui yake alikuwa mtiifu. Ninachodai katika uchambuzi huu ni kwamba ukubwa wa jemadari huonekana pale dhana yake kuu inapovunjika, na kwamba hata hapo kinachoamua si werevu wa saa ile pekee, bali ni kama jeshi alilolijenga miaka iliyotangulia linaweza kugeuzwa mwelekeo bila kusambaratika.

Slim hakuwa mtu ambaye angetajwa mapema kuwa mgombea wa sifa hiyo. Alizaliwa Bristol mwaka 1891 katika familia isiyo na uwezo mkubwa, akafundisha shule ya msingi, akawa karani, na aliingia jeshini Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Alijeruhiwa Gallipoli na tena Mesopotamia, kisha akahamia Jeshi la India na kutumikia miongoni mwa Wagurkha. Novemba 1940 aliongoza brigedi kushambulia Gallabat, kwenye mpaka wa Sudan na Ethiopia. Ngome iliangukia mikononi mwake, lakini hakuweza kusonga zaidi, na mbele ya njia mbili, ya ujasiri na ya tahadhari, alifuata ya tahadhari. Baadaye aliandika bila kujitetea kwamba siku ile alizisikiliza hofu zake. Machi 1942 alipelekwa Burma kuongoza vikosi vilivyokuwa tayari vinashindwa, na kazi yake ya kwanza huko ikawa kusimamia mafungo ya zaidi ya kilomita 1,400 hadi mpaka wa India, kurudi nyuma kurefu kuliko kokote katika historia ya jeshi la Uingereza.

Hata ushindi uliomtangulia Desemba 1944 ulikuwa na dosari alizozikiri mwenyewe. Majeshi ya Jenerali Mutaguchi wa Japani yalipovamia Imphal na Kohima, miji ya India karibu na mpaka wa Burma, mwezi Machi mwaka huo, Slim alikuwa amechelewa kuirudisha Divisheni ya 17 ya India kutoka Tiddim, na alikuwa ameamini kwamba Kohima haiwezi kufikiwa na kikosi kikubwa kuliko rejimenti moja. Ilikuja divisheni nzima. Kilichomwokoa ni ukaidi wa askari wachache waliokuwa Kohima, uwezo wa kuhamisha divisheni kwa ndege, na kutokubali kwa Wajapani kwamba wameshindwa hadi chakula kilipowaishia kabisa. Kati ya watu wapatao 85,000 walioingia katika operesheni hiyo upande wa Japani, zaidi ya 50,000 waliuawa, walijeruhiwa au waliangushwa na njaa na maradhi.

Waliowafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, katikati ya mvua za monsuni, walikuwa askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki: vijana wa Keya, yaani askari wa Kiafrika wa jeshi la kikoloni la Uingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakishuka bonde la Kabaw lililosifika kwa malaria na homa nyingine kiasi cha kuitwa bonde la mauti. Tarehe 2 Desemba waliingia Kalewa, na siku chache baadaye daraja la vyuma la mita 350 hivi, refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani wakati huo, lilitandazwa juu ya Chindwin. Mlango wa kuingilia Burma ya kati ulikuwa wazi.

Upande wa pili wa mlango huo alikuwa ameshaingia mtu mpya. Heitaro Kimura, aliyekabidhiwa majeshi yote ya Japani katika Burma baada ya janga la Imphal, alikuwa ofisa wa mizinga na mtu wa utawala aliyewahi kuwa naibu waziri wa vita mjini Tokyo. Aliitazama hesabu yake ya watu, bunduki na malori, akaona kwamba kupigana Shwebo ni kujiua, akaamua kurudi nyuma ya Irrawaddy na kumwacha Slim aje amfuate huko, mbali na reli, ghala na hospitali zake, na mto ukiwa mbele yake. Ulikuwa uamuzi mzuri, na anayetaka kumsifu Slim kwa haki lazima aanze kwa kukubali kwamba katika hatua hii alikuwa amezidiwa akili.

Dalili zilikuja kidogo kidogo. Divisheni ya 19 ya India, iliyovuka Chindwin upande wa kaskazini chini ya Meja Jenerali Rees, ilikuwa inasonga haraka mno, ikikutana na vikundi vidogo vilivyopigana kuchelewesha tu. Tarehe 16 Desemba doria zake ziliungana na Divisheni ya 36 ya Uingereza karibu na Indaw, jambo ambalo lisingewezekana kwa urahisi ule kama Wajapani walikuwa wanalinda uwanda. Hapo ndipo makamanda wengi hukwama. Mpango uliokwisha kuidhinishwa na wakubwa, kuandikwa, kugawiwa na kuanza kutekelezwa una uzito wake, na habari zinazoupinga huelekea kupewa maelezo ya kuridhisha: adui anajivuta, adui anatega mtego, tusubiri wiki moja tuone. Slim hakusubiri. Tarehe 18 Desemba alikutana na makamanda wake wa chini na kuwaeleza mpango tofauti kabisa.

Alikuwa na njia mbili zilizo wazi kwa kila mtu. Ya kwanza ni kuendelea mbele, kufika mtoni na kuvuka kuelekea Mandalay, mji mkubwa wenye jina, ambako Kimura alikuwa anamngojea. Ya pili ni kusimama, kukusanya akiba na kuvuka kwa nguvu zaidi baadaye. Lakini mvua za monsuni zingefika mwezi Mei, barabara za udongo zingegeuka matope, na jeshi lililo mbali na reli lisingeweza kulishwa. Njia aliyoichagua iliitumia ile ya kwanza kama pazia. Kikosi Kikuu cha 33, chini ya Stopford, kingefika Irrawaddy kaskazini na magharibi ya Mandalay na kuvuka kwa kishindo, ili Kimura aamini kwamba vita ni hapo. Wakati huohuo Kikosi Kikuu cha 4, chini ya Messervy, kingeteremka kwa siri upande wa magharibi, kupitia bonde la Gangaw, kilomita zaidi ya 300 za njia ya vumbi, kitokee mtoni karibu na Pakokku, kivuke, kisha kikimbilie Meiktila.

Uchaguzi wa Meiktila unastahili kuangaliwa kwa makini. Mji huo mdogo kati ya maziwa mawili haukuwa na fahari ya Mandalay, lakini barabara kuu na reli kutoka Rangoon zilipita hapo, viwanja vya ndege vilikuwa hapo, na ghala na hospitali zilizoyahudumia majeshi ya Kijapani yaliyokuwa kaskazini zilikuwa hapo. Kimura alikuwa ameupanga ulinzi wake kwa ustadi, lakini chakula na risasi za ulinzi huo vilipita mahali pamoja. Slim aliacha kuuliza jeshi la adui liko wapi, akauliza linaishi kwa nini. Swali hilo lilikuja kirahisi kwa mtu ambaye kwa miaka miwili hakuwa na tatizo kubwa kuliko la kulisha watu wake.

Udanganyifu ulibeba mzigo mkubwa. Divisheni ya 19 ilikuwa imeshaonwa na Wajapani kuwa sehemu ya Kikosi Kikuu cha 4, kwa hiyo ilipohamishiwa chini ya Stopford ilitakiwa ionekane kama haijahama. Makao makuu ya uongo yalianzishwa Tamu, na mawasiliano ya redio kati ya divisheni hiyo na mkubwa wake mpya yakapitishwa hapo, huku makao makuu ya kweli ya Messervy yakikaa kimya. Mbele ya safu yake iliwekwa Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki, kwa sababu Wajapani wakiona askari Waafrika bondeni wangefikiri ni Divisheni ya 11 ileile ya Kalewa, na wasingejua kwamba nyuma yao zinakuja divisheni mbili na brigedi ya vifaru. Baadaye brigedi hiyo ilipelekwa Seikpyu, mkabala na Chauk, ijifanye kutaka kuvuka kuelekea visima vya mafuta. Wajapani waliamini, wakaishambulia kwa nguvu na kuirudisha nyuma. Simulizi nyingi za ushindi huu huruka sehemu hiyo, ingawa kupigwa kwa brigedi hiyo kulikuwa sehemu ya gharama ya siri.

Sasa swali la msingi: kwa nini jeshi lililokuwa linaelekea mashariki liliweza kugeuzwa ndani ya siku chache na kuhamishiwa ubavu wa pili? Sehemu ya jibu ni kwamba Slim hakuwa ametumbukiza kila kitu. Divisheni ya 17 na brigedi ya vifaru zilikuwa bado nyuma, kwa hiyo zingeweza kuelekezwa upya bila kukatishana njia na wengine. Sehemu kubwa zaidi ya jibu, hata hivyo, ipo katika kazi isiyo na utukufu iliyofanyika tangu 1943, na hapa ndipo kisa hiki kina mengi ya kusema kuliko ramani zenye mishale.

Slim alipolipokea Jeshi la 14 mwezi Oktoba 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa mstari wa mbele kwa majeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi. Hilo ni jeshi linaloyeyuka kabla ya kumwona adui. Alihamishia tiba mbele, katika vituo vya mahema kilomita chache nyuma ya mapigano, ili mgonjwa wa malaria arudi kikosini baada ya wiki chache badala ya kusafirishwa hadi India na kupotea kwa miezi. Waliojeruhiwa vibaya waliondolewa kwa ndege. Vidonge vya mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, vilikuwepo, lakini askari wengi hawakuvimeza, wengine wakiamini uvumi kwamba vinaondoa nguvu za kiume. Slim alifanya ukaguzi wa kushtukiza, kila askari wa kikosi akipimwa, na pale idadi ya waliomeza ilipokuwa chini ya asilimia 95 alimfukuza kamanda wa kikosi. Alifukuza watatu tu, wengine walielewa. Kufikia 1945 wagonjwa walikuwa takriban mmoja kwa siku katika kila askari elfu moja. Bila mabadiliko hayo, mwendo wa bonde la Gangaw ungefika Pakokku na nusu ya watu.

Vifaa navyo vilitafutwa kwa namna hiyohiyo. Burma ilikuwa ya mwisho katika orodha ya mahitaji ya Uingereza, na maombi mengi yalijibiwa kwa kimya. Miavuli ya hariri ya kudondoshea mizigo ilipokosekana, ilitengenezwa ya nyuzi za juti huko India kwa gharama ndogo. Barabara na viwanja vya ndege vilitandikwa magunia yaliyolowekwa lami. Kalewa mhandisi mkuu Hasted alipewa kazi ya kuunda mashua. Miti ya msaji ilikatwa, tembo wakaiburuta hadi mtoni, na zaidi ya mashua 500 zikatengenezwa kubeba mizigo ya jeshi kushuka Chindwin. Pigo lilikuja alfajiri ya 10 Desemba, ndege 75 za mizigo zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya Jeshi la 14 zilipoondolewa ghafla kwenda China, ambako Wajapani walikuwa wanasonga mbele. Slim aliamshwa na ngurumo zake. Jeshi lililozoea kutegemea njia moja tu ya kulishwa lingesimama siku hiyo. Hili lilichelewa, likapanga upya, likaendelea.

Kuna jambo dogo ambalo naliona zito kuliko linavyoonekana. Vikosi vya mbele vilipolazimika kuishi kwa nusu posho, Slim aliamuru makao yake makuu nayo yale nusu posho. Chakula kilichookolewa hakikuwa kitu. Lakini maofisa wa ugavi wenye njaa hutafuta njia za kupeleka chakula mbele kwa bidii ya aina yake. Mtu aliyezungumza na Wahindi na Wagurkha wake kwa lugha zao, na kuwaambia ukweli juu ya walichokosa, alikuwa anajiwekea akiba ya imani ambayo angeihitaji siku ya kuwaambia kwamba mpango umebadilika.

Utekelezaji wenyewe haukuwa safi. Divisheni ya 19 ilivuka kaskazini ya Mandalay mwezi Januari na kuwavuta Wajapani kwake kama ilivyokusudiwa; Divisheni ya 20 ilivuka Myinmu tarehe 12 Februari. Usiku wa kuamkia 14 Februari Divisheni ya 7 ilianza kuvuka Nyaungu, mahali ambapo mto una upana unaozidi kilomita moja. Mashua zilivuja, injini zilikataa kuwaka, wimbi kubwa likatawanywa na risasi za bunduki za rashasha na kurudi nyuma, na kwa saa chache ilionekana kama yote yameshindikana. Uvukaji ulianzishwa upya mchana, ukafaulu, kwa sababu ng'ambo hiyo ililindwa na wachache: ilikuwa mpakani mwa majeshi mawili ya Kijapani, na sehemu yake ilikuwa mikononi mwa askari wa Kihindi waliokuwa upande wa Japani, ambao wengi wao walijisalimisha.

Tarehe 21 Februari Divisheni ya 17, ileile iliyonusurika kunaswa Tiddim, ilitoka kwenye ngome ya mtoni pamoja na vifaru. Mwangalizi wa Kijapani aliripoti msafara wa magari 2,000. Taarifa iliyowafikia wakubwa wake ilisema 200, na Kimura akaendelea kuamini kwamba ni uvamizi mdogo wa kuondoa macho Mandalay. Meiktila ilishambuliwa mwisho wa Februari, na kufikia 3 Machi ilikuwa imetekwa, baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba na watu waliokuwemo wagonjwa walioinuliwa vitandani. Baadhi ya Wajapani walikutwa wamekaa kwenye mashimo barabarani, bomu la ndege likiwa kati ya magoti na jiwe mkononi, wakisubiri kifaru kipite juu yao ili waligonge. Kimura alielewa, akageuza divisheni zake kutoka kaskazini kuja kuukomboa mji, na kwa wiki tatu na zaidi waliouteka wakawa ndio waliozingirwa. Uwanja wa ndege ulilazimika kusafishwa asubuhi baada ya asubuhi kabla ndege kutua, na katikati ya Machi brigedi nzima ilishushwa hapo chini ya makombora. Mandalay ilianguka tarehe 20 Machi, na mwisho wa mwezi Wajapani waliachana na Meiktila.

Mpinzani wa hoja yangu ana la kusema, na si dogo. Slim alitawala anga, alikuwa na vifaru ambavyo Kimura hakuwa na cha kuvikabili, na divisheni za Kijapani alizopigana nazo zilikuwa mifupa ya zile za mwaka uliotangulia. Yote ni kweli. Lakini ubora huohuo ungeweza kutumika kugonga kichwa Mandalay hadi monsuni ifike, na vita ile imejaa majenerali wa pande zote waliokuwa na zana bora wakazitumia hivyo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Kimura alisaidia kwa kutoamini alichoripotiwa. Nalikubali, isipokuwa kwamba udanganyifu wa Tamu na Seikpyu ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya kutoamini huko. Kimura aliona mapema mara moja, mwezi Desemba, akabadilika vizuri. Mwezi Februari ilimpasa abadilike tena, na hakuwa na akiba ya watu, ya petroli wala ya muda wa kulipia badiliko hilo.

Hata Slim hakupata kila alichokitaka. Alikusudia kuingia Rangoon kwa nchi kavu kabla ya mvua. Mvua zikaja mapema, Divisheni ya 17 ikakwama Pegu, na tarehe 3 Mei mji ukaingiwa na askari waliotoka baharini, Wajapani wakiwa wameshaondoka. Siku chache baadaye mkubwa wake, Jenerali Oliver Leese, alimwambia akabidhi Jeshi la 14 kwa mwingine na kubaki Burma na kazi ya kusafisha mabaki ya adui. Slim alikataa wadhifa huo na kutaka kustaafu. Habari zilipowafikia makamanda na maofisa wa Jeshi la 14 hasira ilipanda, na wakubwa wa jeshi mjini London na Delhi nao wakapinga. Mwanzoni mwa Julai aliyeondolewa alikuwa Leese, na nafasi yake akapewa Slim.